Je, Upana wa Utepe Waweza Kumilikiwa?

Katika njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, hupita malori yaendayo Rwanda na Burundi. Mpira wa ndani wa gurudumu la lori uliokwisha kuchakaa si wa kutupwa. Fundi huuchukua, huulaza juu ya ubao, kisha huutia kisu mwishoni na kuuzungusha polepole, akikata kwa mzunguko mmoja usiokatika, hata mpira mpana ukawa kamba moja ndefu na nyembamba. Kamba ya namna hiyo ndiyo ifungayo mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa juu ya keria za baiskeli, tangu Biharamulo hadi vilima vya Ngara. Hapana mtu awezaye kumwendea fundi huyo na kumdai malipo, eti kwa kuwa njia ya kugeuza kitu kipana kuwa chembamba ni mali yake. Dai kama hilo lingekuwa kichekesho cha soko zima. Hata hivyo, katika mahakama za Marekani dai lililofanana nalo sana lilipiganiwa kwa karibu miaka 20, likala fedha nyingi na kuwachosha mawakili wengi. Matokeo yake yalifika mbali kuliko walivyotazamia wagombanao wenyewe; yalifika hata Ngara.

Kabla ya kueleza ugomvi huo, yafaa kwanza kueleza kwa nini viwanda hupenda kutengeneza kitu kipana ili baadaye kikatwe. Karatasi, plastiki, bati jembamba na filamu hutoka mashinani kwa mfululizo, na kingo zake mbili huwa na kasoro: pengine ni nene kupita katikati, pengine zimechanika. Kwa hiyo hupunguzwa. Chukulia kwamba kila ukingo hupunguzwa sentimeta 2. Mashine itoayo utepe wenye upana wa sentimeta 14 itabakiwa na sentimeta 10 zinazofaa, na zaidi ya robo ya mali itakuwa takataka. Mashine itoayo upana wa sentimeta 200 itapoteza sentimeta 4 zile zile, ambazo ni sehemu 2 tu katika kila 100. Tena mashine moja pana huhitaji jengo moja na wasimamizi wachache, ilhali mashine ishirini nyembamba zahitaji kila kitu mara ishirini.

Mali hiyo pana, iliyoviringishwa kama jora la kitambaa, hufunguliwa upande mmoja, hupitishwa penye visu, na kuviringishwa upya upande wa pili ikiwa magombo membamba. Njia za kukata ni tatu hasa. Kuna wembe uliosimama mahali pamoja, ambao mali huuendea kwa kasi. Huo hufaa plastiki nyembamba. Kuna visahani viwili vya chuma vinavyozunguka huku kingo zake zikipishana kama mikono ya mkasi. Na kuna gurudumu gumu linaloikandamiza mali juu ya mhimili wa chuma hata ikaachana. Mtu aonaye mashine hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ufundi wote umo katika kisu. Fundi wa kiwanda hujua kwamba kazi ngumu ni kuviringisha. Gombo linaponenepa, mzunguko wake huongezeka. Mhimili ukizidi kuzunguka kwa mwendo ule ule wa mwanzo, mali itavutwa kwa nguvu inayozidi kukua, nayo itanyooka kupita kiasi au kukatika. Hapana budi mwendo wa mhimili upunguzwe kadiri gombo linavyokua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejifunza uhusiano wa kipenyo na mzingo anaweza kulitatua tatizo hilo kwa kalamu yake.

Hataza nyingi zilizotolewa duniani juu ya kazi hii zahusu mambo madogo ya namna hiyo: jinsi ya kusogeza visu bila kusimamisha mashine, jinsi ya kuondoa vumbi la ukingo, jinsi ya kuweka mkazo ulio sawa katika kila gombo. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila idhini yake. Naye kwa upande wake hutakiwa aeleze hadharani jinsi uvumbuzi huo unavyofanya kazi, ili muda ukiisha uwe wa watu wote. Moyo wa hati ya hataza ni madai yaliyoandikwa mwishoni mwake. Dai likiwa jembamba, mvumbuzi hulinda hatua ile moja aliyoigundua. Dai likiwa pana mno, hulinda na kile ambacho hakukigundua, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Ugomvi ulio maarufu kuliko yote uliotokana na kitu kilichopasuliwa kuwa tepe ulikuwa ule wa filamu. Hannibal Goodwin, padri wa Kanisa la Kiepiskopali mjini Newark, alitafuta kitu chepesi na kisichovunjika cha kubebea picha badala ya vioo. Tarehe 2 Mei 1887 aliomba hataza ya filamu ya selulosi. Ombi lake likarudishwa na kusahihishwa mara nyingi. Wakati huo George Eastman wa Rochester, kwa kazi ya mkemia wake Henry Reichenbach, alianza kuuza filamu ya namna hiyo mwaka 1889, na hataza ya Reichenbach ikatolewa Desemba mwaka huo huo. Padri Goodwin alipata yake Septemba 1898, baada ya miaka 11 ya kungoja, na mwaka 1900 akafa. Walioirithi haki yake waliendelea na kesi hadi mwaka 1914, mahakama ya rufani ilipowapa ushindi, na kampuni ya Eastman ikalipa dola milioni 5. Asemaye kwamba hataza ni silaha ya matajiri peke yao na aikumbuke kesi hii. Lakini asisahau kwamba mwenyewe alikuwa kaburini siku fedha zilipolipwa.

Kiwandani kwa Eastman, uji wa selulosi ulimwagwa juu ya meza ndefu za kioo zenye upana wa karibu meta 1. Ulipokauka ulibanduliwa na kupasuliwa kuwa tepe za kamera. Mojawapo ya tepe hizo ilikuwa na upana wa inchi 2¾, yaani milimeta 70 hivi. William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison, aliichukua tepe hiyo akaipasua katikati. Zikapatikana mbili zenye upana wa milimeta 35 kila moja, bila kipande cha kutupa. Akazitoboa matundu kando, manne kwa kila picha, ili meno ya gurudumu yapate kuivuta filamu kwa hatua zilizo sawa. Kufikia mwaka 1892 kipimo hicho kilikuwa kimekwisha tulia. Ni vigumu kutaja kisu kingine kilichopita mara moja tu mahali pamoja na kuacha alama ya kudumu kiasi hicho.

Edison aliomba hataza mwaka 1891 na kuipata tarehe 31 Agosti 1897. Alidai kamera, akadai na utepe wenyewe wa filamu wenye picha zinazofuatana. Kisha alianza kuwashtaki washindani wake. Mkubwa wao alikuwa kampuni ya American Mutoscope, iliyojulikana baadaye kwa jina la Biograph, ambayo Dickson mwenyewe alishiriki kuianzisha baada ya kuachana na Edison mwaka 1895. Ili kuikwepa hataza ya bwana wake wa zamani, kampuni hiyo ilitumia filamu pana isiyopasuliwa, yenye milimeta 68 hivi, iliyovutwa kwa magurudumu ya kuibana badala ya meno. Picha moja ya Biograph ilikuwa na eneo la mara saba hivi ya picha ya Edison. Ilipendeza sana ukutani, lakini ilikula filamu kama moto ulavyo nyasi kavu. Kampuni nzima ilikubali hasara hiyo kwa sababu ya maneno ya hati moja.

Julai 1901 hakimu alimpa Edison ushindi. Machi 1902 mahakama ya rufani ikautengua, ikisema kwamba Edison hakuwa mtangulizi wa jambo hilo, kwa kuwa wengine walikwisha kupiga picha zinazofuatana juu ya utepe kabla yake. Edison akairudisha hati yake, akaigawa, akaipunguza madai, akapewa upya. Mwaka 1907 mahakama ilikubali madai yaliyopunguzwa ya kamera, lakini ikaona kwamba kamera ya Biograph haikuyaingilia, kwani ilivuta filamu kwa namna nyingine. Baada ya hayo wagombanao waliona heri wapatane kuliko kuendelea kulipa mawakili. Desemba 1908 waliunda Motion Picture Patents Company, wakaweka hataza zao katika chungu kimoja. Eastman naye alikubali kuwauzia filamu wale wenye leseni za chama hicho. Tangu hapo mtu aliyetaka kutengeneza au kuonyesha sinema nchini Marekani alipaswa kupita mlango wa chama au kujificha.

Mambo mawili yaliuvunja mlango huo. Mwaka 1912 mahakama ya rufani ya Washington iliitangaza batili hataza ya filamu. Na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye hataza ya mashine hana haki ya kumlazimisha aliyeinunua atumie filamu ya kampuni fulani tu, maadamu filamu hiyo si sehemu ya uvumbuzi uliolindwa. Wakati huo ulimwengu ulikuwa umekwisha jiamulia. Mkutano wa kimataifa wa watengenezaji wa filamu uliofanyika Paris mwaka 1909 ulikubali milimeta 35 kuwa kipimo cha wote, na mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack wa Ujerumani, iliutumia utepe ule ule kwa picha za kawaida.

Kwa maoni yanayotolewa hapa, mahakama zilifika mahali pa haki, ijapokuwa zilifika zimechelewa. Edison na Dickson walistahili malipo kwa jinsi walivyouvuta utepe na kuusimamisha nyuma ya lenzi kwa nukta moja ya sekunde. Hawakustahili kuumiliki utepe. Kupasua kitu kipana ni ufundi wa kale kuliko hati zote. Nchini Uingereza hataza ya kinu cha kupasua bapa za chuma kuwa fito ilitolewa mwaka 1588 kwa Bevis Bulmer, na wasusi wa mikeka wamekuwa wakichana ukindu tangu zamani zisizojulikana. Kipimo ambacho kila mtu hulazimika kukitumia, ili chombo cha huyu kikubaliane na chombo cha yule, kikiwekwa mikononi mwa mmoja huwa kizuizi cha daraja. Mhandisi anayeikwepa hataza kwa kutengeneza kitu kipya kilicho bora ameitumikia sayansi. Biograph waliikwepa kwa kuteketeza filamu mara saba, na sayansi haikupata kitu.

Habari hizi zilifikaje Ngara? Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ikawa mji mkubwa kabla ya wiki kwisha. Dunia iliyajua mateso yao kwa njia ya picha. Sebastião Salgado, mpiga picha mashuhuri wa Brazil, alipiga picha huko Benaco mwaka huo kwa kamera ya Leica. Utepe uliokuwa ndani ya kamera hiyo ulikuwa na upana wa milimeta 35 na matundu kando, ule ule uliotokana na kisu cha Dickson miaka mia moja iliyotangulia. Laiti upana huo ungebaki mali ya chama kimoja, kila mwandishi wa habari angepaswa kuomba ruhusa kabla ya kuonyesha alichokiona.

Nacho kilichoonekana katika picha hizo, juu ya vichwa vya wakimbizi, kilikuwa ndugu wa filamu. Turubai la plastiki, ambalo watu wa kambini waliliita shitingi, hufika likiwa gombo lenye upana wa meta 4, na kipande cha kawaida cha familia ni meta 4 kwa 5. Hapo hapana mashine ya kupasua. Pana mkasi, kamba ya kupimia na foleni ya watu walionyeshewa mvua. Upana wa meta 4 hauna mwenyewe, na kwa hiyo kiwanda cha nchi moja chaweza kuleta gombo linalokubaliana na nguzo zilizokatwa kwa kipimo cha gombo la kiwanda kingine.

Mwalimu wa Ngara au Biharamulo aweza kuuliza kama sheria za hataza zinamhusu. Zinamhusu. Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, iliyoanza kutumika mwaka 1994, na kazi ya usajili iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Nchi pia ni mwanachama wa ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao yake Harare, ambako ombi moja laweza kugusa nchi kadhaa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hataza haina nguvu nje ya nchi ilikotolewa. Njia ya kukata iliyosajiliwa Marekani peke yake, ikiwa haikusajiliwa hapa, mtu wa Biharamulo aweza kuitumia Biharamulo bila kumwomba mtu. Akitaka kupeleka mashine yake Marekani hapo ndipo atakapozuiwa. Zaidi ya hayo, hati iliyokwisha muda wake ni ya kila mtu, na hati hizo ni nyingi mno. Zimeandikwa kwa makini, zina michoro, na sheria yenyewe ndiyo iliyomlazimisha mvumbuzi asifiche kitu. Ni maktaba ya ufundi iliyo wazi, na shule zimekaa mlangoni pake bila kuingia.

Haja ya kuingia imekuwa kubwa zaidi huko Ngara. Chini ya ardhi ya Kabanga ipo nikeli nyingi, ambayo habari zake zimejulikana tangu miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba ulioiunda kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Wabia wa kigeni walikuja na njia ya kusafisha madini kwa kuyayeyusha katika maji yenye kemikali badala ya kuyachoma katika tanuri, na njia hiyo inalindwa kwa hataza walizo nazo. Mpango ulikuwa kujenga kiwanda cha kusafishia Kahama. Si kosa mwenye uvumbuzi kulipwa. Lakini kijana wa Ngara atakayeajiriwa huko, au atakayeketi siku moja mezani kuzungumza mkataba mwingine, lazima ajue kuuliza maswali aliyoulizwa Edison: ni hatua ipi hasa iliyo mpya, imesajiliwa wapi, na itakwisha lini?

Hayo yaweza kuanzwa kufundishwa bila fedha. Mwalimu na aombe kwa fundi mpira mmoja wa ndani wa lori. Tuseme mzingo wa bomba lake ni sentimeta 60 na urefu wake, likikatwa na kunyooshwa, ni meta 2.5, eneo lake ni meta za mraba 1.5. Ukikatwa kwa mzunguko uwe kamba yenye upana wa sentimeta 3, utatoa meta 50 za kamba. Wanafunzi wakate, wapime, waone wamepungukiwa kwa kiasi gani na kwa nini. Kisha wabuni kibao chenye wembe na kizuizi cha kushika upana usibadilike, maana mkono wa mtu huchoka na kamba huja na vinundu. Watakapokuwa wamemaliza, kila mmoja na aandike dai lake kwa sentensi moja: amevumbua nini ambacho fundi wa Nyakanazi hakuwa nacho?

Wengi wataandika kwamba wamevumbua njia ya kukata mpira. Mwalimu azirudishe karatasi hizo. Mmoja au wawili wataandika juu ya kizuizi, jinsi kinavyokaa na jinsi kinavyosogezwa. Hao waambiwe wasikionyeshe hadharani kwanza, kwa sababu kitu kilichokwisha onekana na watu huweza kupoteza upya wake mbele ya sheria. Tena waelezwe kwamba sheria ya nchi yao ina hati ndogo kuliko hataza, iliyowekwa kwa uvumbuzi mdogo wa namna hiyo, isiyodai ugunduzi mkubwa. Halafu wampelekee fundi kibao chao akijaribu, nao wamsikilize atakavyosema juu ya wembe.